Siku Tela Lilipompita Mume Wangu

Mguu wa mwanangu mkubwa uliingia kwenye spoku za baiskeli asubuhi ya Jumanne, tukiwa tumebakiza kama hatua mia mbili kufika kwa bibi yake. Hakuvunjika. Ngozi ya kisigino ilichubuka, kiatu kikakatika vipande viwili, na baiskeli ikasimama ghafla hivi kwamba mimi, pamoja na mdogo wake niliyekuwa nimemfunga mgongoni kwa kanga, tulilalia usukani kama watu wanaoomba toba. Mkubwa alikuwa na miaka minne. Alilia sana, lakini alikuwa akililia kiatu.

Hivyo ndivyo tulivyosafiri kila siku ya shule. Nafundisha Kiswahili katika shule ya msingi huku Ntobeye, na nyumba tunayoishi iko ng'ambo ya bonde. Dada aliyekuwa akitusaidia kulea alikuwa ameolewa, akaondoka na baraka zetu zote, na tangu hapo watoto wakawa wanashinda kwa mama mkwe wangu, ambaye yuko jirani na shule. Mdogo, aliyekuwa anakaribia miaka miwili, alikaa mgongoni. Mkubwa alikaa kwenye keria, miguu imetanuliwa, akiwa ameagizwa asiisogeze. Mtoto wa miaka minne ukimwambia asisogeze miguu, umempa wazo.

Kuendesha baiskeli nilijifunza kwetu Nyantakara, upande wa Biharamulo, ambako njia inanyooka na mtu anaweza kukanyaga pedeli kuanzia nyumbani hadi mnadani bila kushuka. Huku Ngara nilikoolewa, baiskeli ni chombo cha kusukuma. Mwanamume anaipakia mikungu ya ndizi mpaka haonekani, anaisukuma kupanda kilima, na akifika juu anaanza kuizuia isimkimbie. Mwanamke aliyepanda baiskeli yake na kuikalia alikuwa bado anatazamwa mara mbili. Nilizoea kutazamwa.

Pale zahanati muuguzi alisafisha kisigino kile, akakifunga, akaniangalia.

"Mwalimu," akasema, "shuleni kwenu mnafundisha sayansi?"

Jioni nikamweleza mume wangu, naye akamshika mtoto mguu, akaugeuzageuza, kisha akatangaza kwamba suala hili sasa litashughulikiwa. Tutatafuta tela, akasema. Tela la kufunga nyuma ya baiskeli, la kukaa watoto wawili. Tutalivuta kwa raha.

Ninafundisha sarufi, kwa hiyo nililiona lile "tutalivuta" likipita. Nafsi ya kwanza, wingi. Mume wangu ni afisa ugani, anazunguka kwenye mashamba ya watu kwa pikipiki ya kazi, ambayo kwa utaratibu haibebi familia, na yeye ni mtu wa utaratibu. Lakini mtu aliyeolewa hasahihishi kila kosa.

Jumapili baada ya misa kikafanyika kikao nyumbani kwa wakwe zangu. Kilikuwa na wajumbe watatu: mume wangu, baba yake na mama yake. Mimi nilikuwa jikoni nageuza ndizi, lakini ukuta wa jiko lile ni wa fito na udongo, na hakuna neno lililonipita. Mume wangu alikuwa amechora safu kwenye daftari: uimara, uzito, bei, rangi. Baba mkwe, ambaye alikuwa katekista kwa miaka mingi na bado anazungumza kama mtu anayesubiri watu waitikie, alisema kwamba chombo chochote cha kubeba binadamu lazima kwanza kijaribiwe kwa kitu kisicholia. Mama mkwe alisema mtoto mahali pake ni mgongoni, na kinachovutwa nyuma ni mzigo. Alilisema hilo kwa Kihangaza, lugha ya huku, kisha akalirudia kwa Kiswahili na kwa sauti kubwa kidogo, nikaelewa kwamba la Kiswahili lilikuwa langu.

Wiki nzima iliyofuata mume wangu alikuwa akinionyesha picha kwenye simu. Kulikuwa na matela ya kila namna, yenye madirisha, yenye vivuli, mengine yana mifuko ya kuwekea chupa za maji, na watu wembamba wanaocheka wakiyavuta kwenye barabara za lami zilizochorwa mistari. Katika picha zote hizo hakukuwa na mlima hata mmoja. Alimpata muuzaji Dar es Salaam aliyesema anaweza kuagiza. Mume wangu akauliza bei, akasikiliza, akashukuru kwa heshima, akaweka simu mezani. Kisha akaanza kuwasifu mafundi wetu wa ndani.

Fundi wa ndani aliyekusudiwa alikuwa Bugarama. Anachomelea mageti, vitanda na matela ya kubebea ndizi, na kazi yake inajulikana kwa kutokatika. Nilikwenda naye mume wangu mara moja tu, siku ya kutoa maelezo, nikakalishwa kwenye benchi kivulini. Fundi alisikiliza, akajifuta mikono, akauliza swali moja.

"Watoto wawili ni sawa na mikungu mingapi?"

Mume wangu hakusita, maana swali lilikuwa la fani yake. Akasema ni sawa na mikungu miwili ya wastani. Fundi akatafakari, akasema basi atatengeneza tera la mikungu minane, kwa kuwa watoto hukua. Alikuwa akisema tera, na mimi siku hiyo niliona si wakati wa kusahihisha herufi. Nilitaka kuuliza litakuwa zito kiasi gani, lakini wao walikwishafika kwenye rangi.

Tela lilikamilika baada ya wiki mbili. Lililetwa kwa pikapu, jambo ambalo peke yake lingetosha kutufundisha kitu. Lilikuwa na magurudumu ya pikipiki, fremu ya paipu nene, sakafu ya mbao za mkaratusi na kingo za nondo pande zote kama kitanda cha wodini. Lilipakwa kijani, na ubavuni fundi alikuwa ameandika kwa manjano, bila kuombwa wala kulipisha, MUNGU NI MWEMA. Wanaume wawili walilishusha. Majirani wakaja kulishika. Mtu mmoja akasema hata ng'ombe angeingia, na mume wangu akalipokea hilo kama pongezi.

Jaribio lilifanyika Jumamosi. Baba mkwe hakuwa amesahau masharti yake, kwa hiyo tukapima maharage kwenye mizani ya kuuzia mazao: mfuko mmoja uzito wa mkubwa, mfuko mwingine uzito wa mdogo. Mume wangu akaifunga ile mifuko kwenye kingo kwa kanga zangu mbili, kwa uangalifu ambao sikuwahi kumwona akiwafungia watoto wenyewe. Mimi nilikuwa nimevaa suruali chini ya sketi, tayari kupanda. Akanishika bega na kuniambia kwamba chombo kipya hujaribiwa na baba wa nyumba. Ilikuwa baiskeli yangu, lakini nilimpisha.

Kwenye sehemu iliyo tambarare mambo yalikwenda vizuri. Alikanyaga kwa nguvu, tela likamfuata, akageuka na kutupungia mkono. Watoto wetu, waliokuwa wamesimama kando na bibi yao, wakapiga makofi. Kisha njia ikaanza kushuka kuelekea bondeni.

Nimeulizwa mara nyingi nilichokiona, na mara nyingi nimekieleza vizuri kuliko kilivyokuwa. Kwa kweli kilichukua muda mfupi sana. Kwanza tulisikia breki zikilia. Halafu tukaona baiskeli inakwenda kasi ilhali miguu ya mume wangu haikanyagi, na tukaelewa kwamba sasa havuti, anasukumwa. Tela likaanza kuyumba kushoto na kulia kama mtu anayetafuta nafasi ya kupita. Kile kipande cha nondo kilichokuwa kimelishikiza kwenye keria kikachomoka. Na tela likampita. Lilimpita kwa upande wa kulia, kama sheria ya barabarani inavyotaka, likiwa na maharage yake na maandishi yake ya manjano, na yeye akageuza shingo akalitazama likienda. Nadhani ni kule kulitazama kulikomwangusha. Yeye aliingia mtaroni. Tela likaendelea peke yake mpaka kona, halikukata kona, likazama katika shamba la kahawa la jirani na kunyamaza.

Watu wote walikimbia isipokuwa baba mkwe, aliyeteremka taratibu na fimbo yake. Alipita pale mtoto wake alipokuwa amekaa akipapasa kiwiko, akaingia kwenye mibuni, akaibonyeza mifuko ile mmoja baada ya mwingine.

"Maharage yamepona," akasema. Kisha akageuka. "Na wewe?"

Hapo watu walicheka, na mimi nilicheka, nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nilikuwa bado nacheka nilipoingia shambani kufungua kanga zangu. Ile iliyofunga mfuko mdogo ilikuwa ndiyo ninayombebea mtoto. Tawi la mbuni lilikuwa limeipasua katikati, na mfuko wenyewe ulikuwa umepinda upande, umetoka nusu nje ya kingo. Nikaacha kucheka. Nilikaa chini pale kwenye majani ya kahawa, na mama mkwe akanijia, akanitazama, akaitazama kanga, akaniinua kwa mkono. Tulipanda kilima tumeshikana.

Ungedhani suala la tela la kijani liliishia pale. Mume wangu alikuwa na maelezo. Kwanza ilikuwa ni breki za baiskeli, ambazo ni za kwangu. Pili ilikuwa maharage, ambayo huhama upande yanapoyumbishwa. Fundi alipofika kulitazama tela alilikuta halina hata mkwaruzo, akafurahi, na akaongeza maelezo ya tatu: watoto, kwa kuwa wako hai, wangeegemea upande unaofaa. Alijitolea kuliongezea uzito ili litulie. Nilimwona mume wangu akilifikiria hilo.

Siku hiyo nikasema kwamba Jumamosi nitakwenda Ngara mjini na watoto. Mwalimu mwenzangu alikuwa ameniambia kwamba kuna duka la spea za baiskeli lenye tela la watoto, lililoachwa na wageni waliowahi kuishi pale mjini na watoto wao wakaondoka. Mume wangu akauliza kama aje. Nikasema kuku hawana mtu wa kuwaangalia. Akaniandikia orodha ya maswali ya kiufundi, nikaitia mfukoni, nikaikuta tena siku ya kufua.

Duka lile ni la familia ya Kiislamu ambayo babu yao alikuja kutoka pwani na mizigo ya nguo akaona hapa panamtosha. Siku hizi wanauza tairi, magodoro na saruji. Mwenye duka alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri, na aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake ni mama yake, mwanamke mzee aliyejitanda ushungi mweupe, anayezungumza Kiswahili ambacho mimi hukisoma vitabuni na kukifundisha kwa watoto wasiokisikia popote.

Nikamwamkia shikamoo, nikasema mimi ni mwalimu na nimefuata tela; watoto nao wakaamkia, yaani mkubwa alisema na mdogo alitoa mkono. Mdogo wakati ule alikuwa bado hasemi neno lolote, na nyumbani jambo hilo lilikuwa limeanza kuzungumzwa kwa sauti ya chini.

"Marahaba, wanangu," bibi akasema. "Kaa kitako kwanza, mwalimu. Chombo hakikimbii."

Nikamwambia cha kwetu kilikimbia. Nikamsimulia yote. Hakucheka nilipotegemea acheke. Alicheka kwenye mikungu miwili ya wastani, akaniomba nirudie.

Tela lilikuwa stoo, chini ya magodoro. Lilikuwa dogo kuliko nilivyolidhania, la mabomba mepesi, lina turubai la buluu lililochujuka, wavu kwa mbele na mikanda miwili ya kuwafunga watoto mabegani. Gurudumu moja halikuwa na upepo, likajazwa kwa pampu. Kijana wa dukani alitaka kuwabeba watoto awatie ndani, bibi akamzuia. Alisema waachwe waingie wenyewe, kwa kuwa mtoto aliyetiwa mahali kwa nguvu atatafuta namna ya kutoka maisha yake yote. Mkubwa akaingia mara moja na kuchagua upande. Mdogo akalizunguka tela, akaligusa gurudumu, akamfuata.

"Sasa," bibi akaniuliza, "atakayelikokota ni nani?"

"Mimi."

"Basi likokote."

Ninaona aibu kuandika kwamba hadi siku ile, baada ya kikao, safu, picha, fundi na jaribio, mkono wangu ulikuwa haujashika tela lolote isipokuwa kufungua kanga. Nikaushika mkono wa chuma wa tela, nikalivuta kuzunguka ua, kupita mifuko ya saruji, na watoto wangu wawili ndani. Lilikuja. Nilipogeuka lilifuata, niliposimama lilisimama.

"Unasemaje?" bibi akauliza.

Nilifungua mdomo, na kilichokuwa tayari kutoka kilikuwa ni "mume wangu anasema." Nikakimeza. Baada ya hapo hapakuwa na kitu kingine nyuma yake. Nilikuwa nimewalalamikia moyoni kwa mwezi mzima kwamba hawaniulizi, na sasa nimeulizwa, nikawa kama mwanafunzi aliyenyoosha kidole bila jibu. Mwishowe nikasema kwamba ni jepesi.

"Hiyo nimeiona. Na mteremko wa kwenu?"

Nikasema kwenye mteremko nitashuka. Nitashuka kwenye baiskeli, nitatembea kwa miguu nikiizuia, mpaka bondeni, kisha kilimani nitasukuma, na kwenye tambarare ndipo nitapanda. Niliyasema bila kuyafikiri, maana ndivyo kila mtu wa Ntobeye anavyofanya na ndizi zake tangu baiskeli zilipoingia huku.

Bibi akajitengeneza ushungi.

"Kumbe tatizo lilikuwa nini?" akasema.

Bei tulielewana. Hasa bibi ndiye aliyeelewana, mwanawe aliporudi kutoka msikitini alipewa taarifa. Tela likafungwa juu ya gari dogo la abiria, na njia nzima dereva alikuwa akiwaeleza abiria wapya kwamba ni mtambo wa kupimia ardhi.

Nyumbani mume wangu alilizunguka mara tatu. Alilinyanyua kwa mkono mmoja, akaliweka chini, akalinyanyua tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa safu zile za daftari. Badala yake akasema mkono wake wa kuunganishia hauingiliani na baiskeli yangu, itabidi kiungo kitengenezwe, na kwa hapa anayeweza ni fundi yule yule. Tukaenda Bugarama sote. Fundi alilitazama tela la buluu jinsi mtu anavyomtazama mtoto aliyekonda, akauliza kama tuna uhakika. Akamgeukia mume wangu apate vipimo.

Mume wangu akanigeukia mimi. "Mnyororo wa usalama unataka uwe na urefu gani?" akauliza.

Sikuutarajia ule urahisi. Nikaonyesha kwa mikono. Nikasema pia nataka kiungo kisichoweza kuchomoka hata baiskeli ikilala chini, na fundi, ambaye ni fundi wa kweli akiulizwa kinachowezekana, alikitengeneza kwa nusu siku. Mume wangu alishika gurudumu muda wote ule lisizunguke. Kiwiko chake kilikuwa bado na bandeji. Wakati wa kuondoka fundi aliuliza kama aandike chochote ubavuni, tukamshukuru.

Siku ya kwanza tulipita njiani kama maonyesho. Watoto wakiwa nyuma ya wavu hawaonekani vizuri, wanasikika tu, na mdogo alikuwa akipiga yowe tangu tulipoondoka. Mwanamke mmoja niliyemjua wa jumuiya yetu aliniita kutoka shambani kwake, akauliza nguruwe nawauza kwa bei gani. Nikamjibu hawauzwi. Akasema wanasikika wamenona. Mkubwa alielewa kila neno, akakasirika kwa wiki nzima, na kila tulipopita pale alijificha uso kwa mikono, ingawa nilimwambia kwamba mtu anayejificha ndiye anayefanana na nguruwe anayeuzwa.

Mdogo alilia siku tatu. Alizoea mgongo wangu, na sasa alikuwa akiuona kwa mbali, ukienda mbele yake, haumgeukii. Mama mkwe alimtoa kwenye tela kama anavyotoa kuku kwenye tenga, akamfuta machozi, akanitazama bila kulaumu, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko lawama. Siku ya tatu nilimfunga tena mgongoni katikati ya safari, nikaendelea na mkubwa peke yake ndani, tela likawa linainama upande. Nilifika shuleni nimechelewa na nikamkuta mwalimu mkuu amesimama mlangoni na saa yake. Nilidhani nimeshindwa.

Siku ya nne hakulia. Sijui kwa nini. Mkubwa alikuwa amejipa ukondakta: kila tulipokaribia mteremko alipaza sauti, "Mama, shuka!" nami nashuka, na tukifika tambarare, "Mama, panda!" Akawa pia anamweleza mdogo wake kila kitu kinachopita, huyu ni mbuzi, yule ni mtu mlevi, lile ni kanisa. Yale mambo alikuwa akinieleza mimi zamani akiwa kwenye keria, na mimi nilikuwa naitikia mh, mh, akili yangu iko kwenye breki. Mdogo wake alisikiliza.

Ilipita kama miezi miwili. Asubuhi moja mkubwa alikuwa anakula ndizi mbivu, kimya, na tulikuwa tumefika juu ya mteremko mkubwa. Nami kwa uvivu nilikuwa nimemzoea kondakta wangu, nikawa sijashuka. Nyuma yangu sauti nisiyoijua ikasema:

"Mama, tuka."

Nilishuka. Nilishuka nikaiegemeza baiskeli kwenye ukingo, nikafungua wavu, nikawatazama wote wawili. Mkubwa akasema si yeye. Mdogo akanitazama kwa ukali kidogo, kama mtu ambaye amelazimika kuingilia kati. Nikamwomba arudie. Hakurudia mpaka mteremko uliofuata, nao ulikuwa wa kurudi nyumbani.

Nilipomsimulia mama mkwe, nililisema kwa tahadhari, maana hadi wakati ule tela lilikuwa bado halijasamehewa. Alikuwa anachambua mboga. Hakuinua macho. Alisema haoni ajabu yoyote: mtoto alikuwa amefungwa mgongoni miaka miwili, atazungumza na nani? Mgongo hauongei. Alilisema kama jambo ambalo amekuwa akituambia siku zote, na sisi ni wagumu wa kusikia.

Mume wangu naye ana simulizi yake. Nilimsikia akiieleza kwa maafisa wenzake waliotutembelea kutoka Biharamulo: jinsi tulivyochunguza aina mbalimbali, tukafanya jaribio la vitendo, tukabaini upungufu, tukachagua. Aligusa kiwiko alipofika kwenye jaribio. Wageni waliniuliza kama ndivyo. Nikasema ndivyo, kwa sababu kila neno lilikuwa la kweli. Tela la kijani alilichukua yeye kwa ajili ya miche ya kahawa, na linafanya kazi nzuri ya kupanda kilima, likisukumwa na watu wawili. Kushuka huteremshwa kwa kamba.

Sasa mkubwa yuko darasa la kwanza na hataki kuonekana ndani ya kitu chenye wavu. Anatembea kando na wenzake, mbali kidogo, kana kwamba hatufahamiani. Mdogo amebaki na tela lote. Upande wa kaka yake nimeweka madaftari ya darasa la tano, ya kusahihisha, ili tela lisiiname. Wiki iliyopita mdogo alijisahau njiani, akajikojolea, na nikalazimika kuwaeleza wanafunzi arobaini na kitu kwa nini insha zao zimelowa ilhali mvua haijanyesha. Walisikiliza kwa heshima. Mmoja akauliza kama ataruhusiwa kuandika upya, na nikamwambia aandike, na safari hii aangalie nafsi na wakati.